Hewa iende wapi? Njia za kuzuia harufu ya bangi inayokuzwa nyumbani, zikilinganishwa

Wiki ya sita ya maua, jirani yangu alinigongea mlango na kuniuliza, kwa upole wote wa Kikanada, kama kuna skanki aliyefia chini ya ngazi zangu. Skanki ni yule mnyama mweusi mwenye milia myeupe, ambaye kwa tabia ni ndugu wa kicheche wetu: ukimkera anakurushia uvundo usiotoka nguoni kwa siku kadhaa. Mnyama hakuwapo. Kulikuwa na miche minne ya bangi besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, ndani ya hema la kukuzia, na feni moja niliyoielekeza dirishani nikaamini kazi imekwisha. Nyumba zetu ni pacha, tunatumia ukuta mmoja, na dirisha la chumba chake cha kulala liko juu kidogo ya lile dirisha langu la chini.

Nilimwambia ukweli, maana hapa Ontario sikuwa na cha kuficha. Tangu tarehe 17 Oktoba 2018 sheria ya shirikisho inaruhusu miche minne kwa kaya. Ni kwa kaya, si kwa kichwa, kwa hiyo mume, mke na shemeji aliyehamia wiki iliyopita hawafikishi kumi na miwili. Quebec wamekataa kabisa bangi kukuzwa nyumbani, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliwakubalia tarehe 14 Aprili 2023. Mwenye nyumba wako au kamati ya jengo lenu pia anaweza kukataza, hata mahali ambapo mkoa umeruhusu, basi soma mkataba kabla ya kununua mbegu. Walio Ujerumani wanaruhusiwa miche mitatu kwa mtu mzima tangu tarehe 1 Aprili 2024, na karibu yote nitakayoyasema yanawafaa. Msomaji aliyeko Mombasa au Dar, kwenu hilo ni kosa la jinai na makala haya si yako.

Mzee yule hakuwa na shida na bangi. Shida yake ilikuwa kulala. Nikaanza kununua vitu, na kwa miezi kadhaa nilinunua visivyo, kwa sababu kila mara nilikuwa naulizia kitu cha kuua harufu. Hakuna muuzaji aliyeniuliza hewa ya hema langu inatokea wapi na inaishia wapi. Ukilijibu swali hilo, orodha ya ununuzi inajiandika yenyewe.

Kinachonuka

Harufu ya bangi ni mchanganyiko. Sehemu kubwa ni terpini, mafuta yaleyale yanayorukaruka hewani kutoka kwenye ganda la limau, pilipili manga, karafuu na misonobari. Hizo peke yake hazimkeri mtu. Kinachomfanya jirani akumbuke skanki ni misombo ya salfa. Mwaka 2021 wanakemia walichapisha utafiti uliobainisha mmoja unaobeba sehemu kubwa ya uvundo huo, kwa kifupi cha maabara 321MBT. Ni huohuo unaojitokeza kwenye bia iliyoachwa juani ndani ya chupa nyeupe, na muundo wake uko karibu na ule wa misombo ya kitunguu saumu. Pua ya binadamu inaunasa ukiwa kiasi kidogo mno hewani. Ndiyo maana kuipunguza harufu kwa nusu hakumsaidii jirani: nusu ya kitu kinachonusika hata kikiwa chembe bado ni kingi.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba misombo hiyo huongezeka sana mwishoni mwa maua na kufikia kilele mmea ukiwa umeshakatwa, wakati wa kukausha na kuivishwa mtungini. Mkulima mgeni hupumua akishavuna, akazima feni. Hapo ndipo mtaa mzima unapojua.

Jambo la pili ni pua yako mwenyewe. Inazoea. Ukikaa na harufu nusu saa huisikii tena, kama mwenye fenesi sebuleni ambaye anashangaa wageni wakikunja uso mlangoni. Usijipime mwenyewe. Toka nje, kaa saa moja, urudi ukiwa umefumba mdomo na kufungua pua. Au bora zaidi umuulize mtu asiyeishi humo.

Vile vya kupita haraka

Nianze na udi, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza ambacho mtu wa pwani anakifikiria. Chetezo, mkaa, kipande cha udi, na nyumba inanukia arusi. Nilijaribu. Kilichotokea ni arusi iliyofanyiwa shambani kwa bangi. Moshi wa udi hauondoi chochote hewani, unaongeza tu. Na king'ora cha moshi cha huku hakina heshima kwa mila. Ubani ni hivyohivyo, mishumaa yenye manukato hivyohivyo, na vile vinyunyizio vya chooni vibaya zaidi, maana jirani sasa ananusa skanki aliyepakwa waridi. Lakini usiutupe udi wako. Una kazi nyingine nitakayoifikia.

Mashine za kusafisha hewa zenye chujio la HEPA zinauzwa kwa wingi na watu wengi wanazo tangu enzi za korona. HEPA ya kweli inanasa asilimia 99.97 ya chembechembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3. Ni takwimu ya kutia moyo mpaka ukumbuke kwamba harufu si chembechembe, ni gesi. Inapita kwenye HEPA kama maji yanavyopita kwenye kung'uto. Baadhi ya mashine hizo zina karatasi nyembamba iliyonyunyiziwa unga wa mkaa. Karatasi hiyo itafanya kazi siku chache kisha itakuwa pambo. Kwa vumbi, chavua na mbegu za ukungu, HEPA ni nzuri. Kwa kazi hii, hapana.

Jeli za kumeza harufu, zile za kwenye kopo ambazo maduka ya vifaa vya kukuzia huziweka karibu na kaunta, ziko katikati. Zinasaidia kwenye ukumbi, juu ya ngazi, karibu na mlango wa mbele, pale ambapo mabaki madogo ya harufu yanakusalimu. Usiweke kopo ndani ya hema: maua yatanyonya manukato yake, na chujio lako la mkaa litajaa jeli badala ya kujaa bangi. Mimi ninalo moja chini ya ngazi, na huo ndio mwisho wa cheo chake.

Mashine za ioni sina la kusema zaidi ya kwamba nyingine hutoa ozoni kidogo, na ozoni inahitaji aya yake.

Ozoni

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu wauzaji wanaisifu, bei inavutia, na ni kweli inaua harufu. Mashine ya ozoni inatengeneza molekuli zenye oksijeni tatu, na molekuli hizo zinashambulia chochote kilicho karibu: terpini, misombo ya salfa, mpira wa feni, na mapafu yako. Wizara ya Afya ya Kanada inawashauri watu wasitumie mashine hizi nyumbani. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, linasema kwamba katika viwango visivyodhuru afya, ozoni haina uwezo wa maana wa kuondoa harufu. Kwa maneno mengine, ikifanya kazi ujue imeshapita kiwango unachotakiwa kuvuta.

Kuna ubaya mwingine usiosemwa dukani. Ozoni ikikutana na limonini, ile terpini ya limau ambayo bangi nyingi inayo, zao lake ni pamoja na fomaldehidi na chembe ndogo mno zinazoingia ndani kabisa ya mapafu. Unaondoa harufu unaweka sumu. Na ikiingia hemani inakula terpini za maua yenyewe, kwa hiyo miezi mitatu ya kazi inaishia kuwa majani makavu yasiyo na ladha. Kampuni kubwa huitumia kwenye majengo matupu au ndani ya mabomba marefu ya kutolea hewa, kwa vipimo na vitambuzi. Besimenti yenye watoto juu yake si mahali pake. Kwenye ulinganisho huu naitoa nje ya uwanja, haipati hata kadi ya njano.

Mkaa wa vifuu

Kinachofanya kazi ni chujio la mkaa amilifu, yaani silinda ya chuma yenye matundu, ndani yake tabaka la punje za mkaa, inayounganishwa na feni ya bomba. Na hapa mtu wa pwani ana haki ya kutabasamu, maana mkaa bora kwa kazi hii unatokana na kifuu cha nazi, kile ambacho nyumbani tunakichomea moto au kukitupa nyuma ya jikoni. Kifuu kinachomwa bila hewa kuwa mkaa, kisha kinapitishiwa mvuke katika joto kali sana mpaka kila punje inatobolewa vijishimo visivyohesabika. Gramu moja inakuwa na eneo la ndani la kama mita za mraba 1,000. Kijiko kikubwa kimoja cha mkaa huo kinabeba eneo la kiwanja cha mpira, na molekuli za harufu zinashikamana na kuta za vijishimo hivyo bila kutoka.

Mkaa wa makaa ya mawe nao upo na ni rahisi zaidi. Vijishimo vyake kwa kawaida ni vikubwa kidogo, kwa hiyo kwa molekuli ndogo kama hizi kifuu kinashinda. Kwenye duka utakuta machujio mawili ya kipimo kimoja, moja jepesi na la bei ya chini, jingine zito. Chukua zito. Uzito huo ni mkaa, na unene wa tabaka ndio unaoamua hewa inakaa na mkaa kwa muda gani. Tabaka la sentimita 4 au 5 linaipa hewa nafasi ya kusafishwa; la sentimita 2 linaipungia mkono tu ikipita. Mimi nilianza na jepesi la duka la mtandaoni. Lilidumu mavuno moja.

Mkaa una maadui wawili. Wa kwanza ni unyevu. Hewa ikiwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 70 hivi, maji yanaanza kukalia vijishimo na harufu inakosa kiti. Hema lenye unyevu mwingi litakufanya ulaani chujio zuri. Wa pili ni vumbi, ndiyo maana chujio huja na soksi nyeupe ya nje. Ivue uifue, ukaushe kabisa, uirudishe. Mkaa wenyewe haufuliki. Ukishajaa, umejaa. Kwa feni inayozunguka usiku na mchana, hesabu mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wengine hufika miwili. Chujio jipya liendeshe nje dakika chache kabla ya kulitundika, la sivyo vumbi jeusi la kwanza litakwenda kwenye kuta za mkeo.

Sasa ukubwa. Hema la kawaida la miche minne lina mita 1.2 kwa 1.2 na urefu wa mita 2, yaani chini kidogo ya mita 3 za ujazo. Kubadilisha hewa yake yote mara moja kwa dakika ni kama mita za ujazo 170 kwa saa. Feni ya inchi 4 iliyoandikwa futi za ujazo 200 kwa dakika inasukuma karibu mita za ujazo 340 kwa saa ikiwa haijafungwa kitu. Ukiifunga chujio, robo au theluthi ya nguvu hiyo inapotea, na kila kona ya bomba inakula zaidi. Bado inatosha. Hata hivyo mimi niliishia kununua ya inchi 6 na kuiendesha polepole, kwa sababu feni kubwa inayotembea ni kimya kuliko feni ndogo inayokimbia, na jirani aliyeacha kunusa ataanza kusikia. Tundika feni kwa mikanda ya mpira, usiipigilie kwenye boriti. Zile zenye mota ya kisasa ya EC zina bei, lakini hazivumi zikipunguzwa kasi, na umeme zinakula kidogo.

Mpangilio ni huu: chujio linaning'inia juu ndani ya hema, feni inavuta hewa kupitia humo, na hewa iliyosafishwa inatoka kwa bomba. Chini ya hema acha tundu moja wazi la kuingizia. Feni ikiwa na nguvu ya kutosha, kuta za hema zitabonyea ndani kidogo. Ndiyo ishara kwamba hewa yote inayotoka inapita kwenye mkaa na hakuna inayochungulia kwenye zipu. Na hapa ndipo udi unaporudi. Washa kijiti kimoja, ukipitishe polepole kando ya kila zipu na kila tundu la waya. Moshi ukivutwa ndani, uko salama. Ukisukumwa nje au ukisimama tu, umepata uvujaji wako. Kipimo cha senti chache, na hakuna kifaa cha dukani nilichokiona kinachokizidi.

Nje au ndani?

Hadi hapa kila mtu anayejua kazi hii angekubaliana nami. Ugomvi uko kwenye ncha ya pili ya bomba. Hewa iliyopita kwenye mkaa unaitupa nje ya nyumba, au unairudisha besimenti izunguke?

| | Kutupa nje | Kuzungusha ndani |
|---|---|---|
| Harufu | Mkaa ukichoka, jirani anajua kwanza | Mkaa ukichoka, wewe na familia mnajua kwanza |
| Unyevu | Unaondoka na hewa | Unabaki. Unahitaji mashine ya kukausha hewa |
| Joto la kiangazi | Linaondoka | Besimenti inakuwa jiko |
| Baridi kali | Unatupa joto ulilolilipia | Joto la taa linasaidia nyumba |
| Kutoboa ukuta | Tundu au dirisha | Hakuna |

Mstari wa baridi ndio ulionigeuza mawazo. Ukitupa mita za ujazo 170 kwa saa nje wakati nyumba iko nyuzi 20 na nje ni hasi 20, kuipasha joto ile hewa mpya inayoingia kuziba pengo kunahitaji nguvu ya zaidi ya kilowati 2. Ni zaidi ya birika la umeme linalochemka bila kuzimwa, Januari nzima. Juu ya hapo, hewa yenye unyevu ikikutana na bomba lililopoa inageuka maji, yanateremka hadi kwenye feni, na kile kifuniko cha nje kinaganda kikabaki wazi au kikafungwa kabisa. Yangu iliganda imefungwa. Sikujua mpaka hema lilipoanza kutoa jasho.

Kuzungusha ndani nako kuna bei yake. Mche haubaki na maji unayoupa. Karibu yote yanatoka kwenye majani. Ukimwagilia lita tano kwa siku, hesabu lita tano zinazorandaranda hewani. Wakati wa baridi nyumba za huku hukauka mpaka midomo inapasuka, kwa hiyo mwanzoni utaona ni neema, mpaka siku utakapoona matone kwenye kioo cha dirisha na doa jeusi nyuma ya kabati. Mashine ya kukausha hewa ni lazima, na yenyewe inaongeza joto na kelele.

Wengine hutumia chujio la pili lisilounganishwa na hema, feni na mkaa vikizunguka tu chumbani, kuokota kilichoponyoka. Ukifungua hema kila siku kukagua majani, harufu inatoka nawe, na chujio hilo la chumbani linaisafisha ndani ya saa moja hivi. Kwangu ni nyongeza yenye maana kuliko jeli kumi.

Ninachofanya mimi ni vyote viwili kwa msimu: kuanzia Mei hadi Oktoba bomba linatoka dirishani, baridi ikiingia ninalichomoa na hewa inabaki besimenti, mashine ya kukausha ikiunguruma pembeni. Inahitaji dakika kumi mara mbili kwa mwaka.

Kabla hujatoboa ukuta

Sehemu hii isome hata kama nyingine umeziruka. Feni inayotoa hewa nje inaifanya nyumba iwe na njaa ya hewa, na nyumba yenye njaa inavuta popote. Besimenti nyingi za Kanada zina tangi la maji moto la gesi linalotoa moshi wake kwa bomba la kupanda lenyewe, bila feni. Ukivuta hewa kwa nguvu ya kutosha, moshi ule unaweza kugeuza njia na kurudi chini pamoja na kaboni monoksaidi. Ni gesi ileile inayoua watu nyumbani waliolala na jiko la mkaa mlango ukiwa umefungwa. Haina rangi wala harufu, na mkaa wa chujio lako hauikamati. King'ora cha gesi hiyo kiwe karibu na hema na kingine karibu na vyumba vya kulala. Jaribu tena udi wako: feni ikiwa kasi ya juu na tangi likiwaka, sogeza kijiti kwenye mdomo wa bomba la moshi juu ya tangi. Moshi lazima uvutwe juu. Ukirudishwa usoni kwako, zima feni, na usiiwashe kutoa nje mpaka fundi wa gesi aje.

Kuvuta hewa pia kunaweza kuongeza radoni, gesi ya ardhini yenye mnururisho inayopenya nyufa za sakafu. Mwongozo wa Kanada ni kuchukua hatua ikizidi bekereli 200 kwa mita ya ujazo. Vipimo vya kuacha chumbani miezi mitatu ni rahisi kupata; pima huku feni ikiwa kwenye hali yake ya kila siku.

Tena usiunganishe bomba lako na bomba la choo, la mashine ya kukaushia nguo, wala la mtambo wa kupasha nyumba joto. Kwa mtambo huo utasambaza harufu kila chumba kwa ustadi mkubwa. Kwa bomba la choo la ghorofa la wapangaji, utampelekea harufu mtu wa ghorofa ya saba ambaye hajawahi kukuona.

Mbegu na mtungi

Kuna njia mbili za bure ambazo maduka hayazitangazi. Ya kwanza ni mbegu. Aina kama Northern Lights zina sifa ya kunuka kidogo. Skunk #1 jina lake linajieleza. "Kidogo" hapa ni jambo la kulinganisha tu, bado utahitaji mkaa, lakini chujio linapata nafasi ya kupumua. Miche miwili midogo inayomaliza pamoja inanuka wiki nne au tano za kweli. Miche minne uliyoipishanisha ili uvune kila mwezi inanuka mwaka mzima. Kwa mwenye jirani wa ukuta mmoja, ningesema ipande kwa pamoja, umalize, mpumzike wote.

Ya pili ni kukausha humohumo hemani. Watu hukata matawi, wakayatundika kabatini au bafuni ili hema lianze mzunguko mpya. Zile siku kumi hadi kumi na nne za kukausha, kwenye nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 55 hadi 60, ndizo zenye harufu kali kuliko zote, na ndizo zinazohitaji chujio zaidi. Acha feni ikizunguka polepole, isipulize maua moja kwa moja. Kisha mitungi ya kioo yenye mfuniko wa kubana. Katika wiki ya kwanza mitungi hufunguliwa kila siku kupumua; fanya hivyo ndani ya hema feni ikiwaka, si mezani. Niliwahi kuifungua mezani saa chache kabla ya shangazi kuwasili kutoka Mississauga. Aliingia, akasimama mlangoni, akasema tu, "Mwanangu, hapa pana mgonjwa?"

Nani achukue nini

Mwenye nyumba yake peke yake, uwanja pande zote: feni ya inchi 4, chujio zito la kifuu, hewa nje wakati wa joto. Inatosha, na pesa zilizobaki nunua taa nzuri.

Mwenye nyumba pacha au ya safu kama mimi: inchi 6 kwa kasi ya chini, hewa nje wakati wa joto na ndani wakati wa baridi, mashine ya kukausha hewa, chujio la pili la chumbani kwa zile wiki mbaya. Bomba la nje lisielekee dirisha la mtu. Nililihamisha langu upande wa bustani, na hilo peke yake lilipunguza malalamiko kabla hata chujio jipya halijafika.

Mwenye fleti, kama mkataba unamruhusu: kuzungusha ndani tu, mche mmoja au miwili midogo, hema dogo lenye zipu nzuri, na kizibo cha mpira chini ya mlango wa kuingilia, kwa sababu ukumbi wa jengo huvuta hewa ya kila fleti. Kama huwezi kununua chujio zito pamoja na mashine ya kukausha hewa, usianze. Duka halali liko mtaa wa pili na harufu yake ni juu yao.

Jirani yangu bado anagonga mlango, mara moja au mbili kwa mwaka. Mara ya mwisho ilikuwa kiangazi. Alisema amenusa kitu chepesi karibu na uzio, hana hakika. Niliangalia tarehe niliyoandika kwa kalamu kwenye chujio: miezi kumi na saba.